Sumu ya Viuatilifu: Huduma ya Kwanza na Umuhimu wa Lebo

Kidonge cha kutuliza homa ni dawa, na kimiminika cha kupulizia nyanya nacho huitwa dawa. Jina hilo la upole limechangia kukipa kiuatilifu nafasi jikoni, ndani ya chupa ya soda, karibu na mafuta ya kupikia. Katika somo hili tunaeleza jambo la kufanya pindi mtu anapokunywa sumu hiyo, kuivuta au kumwagikiwa, na kwa nini chupa iliyonunuliwa bila lebo humnyima mgonjwa sehemu ya matibabu yake.

Viuatilifu vingi vya kuua wadudu ni vya kundi la organofosfeti. Hivi huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukomesha amri za neva kwa misuli na tezi. Amri zisipokoma, mgonjwa hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hutapika na kuharisha, mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, na kifua hujaa maji hata pumzi ikamwishia.

Mwondoeni kwanza mahali penye sumu. Mwokoaji avae glovu, au afunike mikono kwa mifuko ya plastiki, kwa kuwa sumu hii hupenya ngozi. Mvueni nguo zote zilizolowa, mwosheni mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi. Macho yasafishwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Akiwa amepoteza fahamu, mlazeni kwa ubavu wa kushoto ili matapishi yasimpalie. Kisha safari ya hospitali ianze mara moja.

Hapa ndipo wema huua. Tumezoea kumpa aliyekunywa sumu maziwa, au kumtapisha kwa kidole au maji ya chumvi. Tunasihi desturi hiyo iachwe. Viuatilifu vingi vya maji huchanganywa na mafuta ya jamii ya petroli. Mgonjwa akitapishwa, mafuta hayo huweza kuingia mapafuni. Maziwa si kiondoa sumu, na mtu aliyelegea hupaliwa nayo. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule mkaa wa tiba utolewao hospitalini.

Kwa sumu ya organofosfeti, waganga hudunga atropini na kuirudia mpaka kifua kikauke, pamoja na oksijeni na, inapobidi, mashine ya kupumulia. Ndugu wasiharakishe kumrudisha nyumbani mgonjwa anapofumbua macho na kuomba uji. Kati ya siku ya 1 na ya 4 misuli ya kupumua huweza kulegea upya.

Lakini atropini haitibu kila sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huonekana baada ya siku kadhaa; tiba yake ni vitamini K. Parakwati, kiua magugu, haina kiondoa sumu: aliyeinywa huweza kuonekana mzima leo, kumbe mapafu yanaharibika polepole. Vidonge vya fosfidi ya alumini, vinavyotumika kuhifadhia nafaka, hutoa gesi ya sumu vinapokutana na unyevu, hata ule wa tumboni, navyo pia havina kiondoa sumu. Mganga atajuaje ni kipi kati ya hivi?

Atajua kwa lebo. Nendeni na chombo chenyewe, kimefungwa ndani ya mfuko, au picha ya lebo kwenye simu. Kinachotafutwa hasa ni jina la kemikali, si jina la biashara peke yake. Elezeni pia kiasi na saa, na kama mgonjwa alikunywa kwa kukusudia semeni hivyo bila kuficha. Aibu isichelewesha tiba, na mtu huyo anahitaji kusikilizwa baada ya kupona.

Kwa hiyo muuzaji anapowapimia kiuatilifu kwenye kichupa kitupu, hata kwa bei nafuu, kikataeni. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Dukani, ombeni kifungashio cha kiwandani ambacho hakijafunguliwa na chenye lebo inayosomeka. Nyumbani kikae humo humo, kwenye kabati lenye kufuli, mbali na chakula na watoto.