Somo la Mkono kwa Mkono: Safari ya Kesi ya Udhalilishaji kutoka Nyumbani hadi Mahakamani

Shabaha ya somo: Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze kueleza taasisi zinazoshughulikia ukatili wa majumbani na udhalilishaji wa kijinsia Unguja, wajibu wa kila moja, na namna ya kuzuia kesi isipotee njiani.

Kwa nini taasisi moja haitoshi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanamke aliyejeruhiwa nyumbani anahitaji matibabu, mtu wa kumsikiliza, mahali salama pa kulala na sheria ya kumkinga. Daktari hana mamlaka ya kukamata, polisi hawatibu, na hakimu huamua kwa ushahidi uliofikishwa mbele yake. Mtu anapolazimika kuzunguka kutoka ofisi hadi ofisi akisimulia aibu yake upya kwa kila anayemkuta, huchoka, naye huamua kunyamaza.

Ili kuondoa usumbufu huo, mwaka 2011 kilianzishwa Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe. Hapo daktari, polisi, mshauri nasaha na ofisa ustawi wa jamii hufanya kazi chini ya paa moja. Vituo vya aina hiyo vimefunguliwa pia katika hospitali za Kivunge, kaskazini, na Makunduchi, kusini.

Nani anafanya nini

Sheha hupokea taarifa katika shehia na kuwaelekeza wahusika panapostahiki. Hana mamlaka ya kuhukumu kosa la jinai wala kusimamia fidia ya kulifuta.

Polisi, kupitia Dawati la Jinsia na Watoto, huandika maelezo, hutoa fomu ya PF3 na hupeleleza.

Hospitali hutibu, hukinga maradhi na mimba, na huandika matokeo ya uchunguzi. Sampuli zikihitajika, huchunguzwa katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ustawi wa Jamii humlinda mtoto na kutafuta mahali salama iwapo nyumba yenyewe ndiyo yenye hatari.

Mkurugenzi wa Mashtaka huamua kufungua mashtaka na kuyaendesha. Tangu mwaka 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu ya kusikiliza kesi za udhalilishaji.

Mahakama ya Kadhi husikiliza mambo ya Waislamu kama vile ndoa, talaka, matunzo na mirathi. Mke aliyepigwa anaweza kudai talaka kwa Kadhi, lakini kipigo chenyewe ni jinai, na mahali pake ni polisi.

Jumuiya za kiraia, zikiwemo ZAFELA na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, hutoa ushauri na msaada wa kisheria.

Mahali mnyororo unapokatika

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka tisa anamwambia mama yake kwamba jamaa wa karibu amemdhalilisha. Mama anamwogesha na kufua nguo zake. Wazee wanakutana, kwa kuoneana muhali, wanakubaliana yaishe ndani ya ukoo. Siku ya kumi na mbili mtoto anapata homa, ndipo anapelekwa hospitali. Daktari anafanya kazi yake, polisi wanafanya yao, lakini ushahidi wa mwilini umeshatoweka. Mahakamani, jamaa aliyeyasikia maneno ya mwanzo hatokei, kwa kuchelea ugomvi. Kesi inaanguka, na mtuhumiwa anarudi mtaa ule ule anaoishi mtoto.

Katika mfano huu taasisi zilikuwepo zote. Kilichokosekana ni kiungo cha kwanza, yaani nyumba, na cha mwisho, yaani shahidi. Kosa la jinai ni shauri la Serikali dhidi ya mtuhumiwa. Wazazi hawana uwezo wa kulisamehe kwa niaba ya mtoto.

Hatua za kufuata

1. Mpeleke mwathirika kituoni mara moja. Dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huipunguzia nguvu.
2. Asioge wala kubadilisha nguo kabla ya uchunguzi. Iwapo ameshabadilisha, zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, bila kufuliwa.
3. Andika tarehe, jina la ofisa aliyekupokea na namba ya jalada la kesi.
4. Usimhoji mtoto mara kwa mara. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema.
5. Fika mahakamani kila unapoitwa. Ukitishwa, au ukishawishiwa kwa fedha, toa taarifa polisi.
6. Ukikwama, piga simu 116 kwa mambo ya watoto, au 112 kwa polisi.

Huduma hizi ni haki, wala si fadhila. Ofisi moja ikikwambia "nenda kule", uliza: kwa nani, na kwa barua gani?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini talaka iliyotolewa na Kadhi haiondoi kesi ya kipigo?
2. Katika mfano wa mtoto, taja nyakati tatu ambapo mtu mzima angeweza kuiokoa kesi.
3. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu na shehia yako kiko wapi, nawe ungefikaje huko usiku?

Swali la tatu lijibiwe leo, pamoja na wote wa nyumbani, kabla ya siku ya kulihitaji jibu lake.