Stendi ya mlangoni: mninga au paini?

SWALI: Naishi Mhunze, wilayani Kishapu. Nataka stendi ya mbao ya mlangoni: kiti cha kuvulia viatu, chini viatu, juu ndoano za makoti na kofia. Fundi anasema mninga ni ghali, nitumie paini. Nimsikilize?

JIBU: Msikilize, mradi paini iwe imetiwa dawa na imekauka barabara. Zipange mbao ndani wiki mbili tatu, hewa ipite kati yake, ndipo zikatwe. Kiangazi cha Kishapu hukausha mbao mbichi hadi viungo vikaachia. Mninga hustahimili mchwa zaidi. Ukiumudu, dai risiti na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45, kina 40. Ndoano za wakubwa 170 kutoka sakafuni, za watoto 110. Chini ya viatu usiweke ubao mzima, maana masika tope jeusi la mbugani hugandia hapo. Pigilia fito zenye nafasi ya vidole viwili, tope lidondoke, lifagiliwe. Ncha za miguu zichovye kwenye dawa. Ndiko mchwa huanzia.

Na nakusihi, funga stendi ukutani kwa skrubu. Mtoto akining'inia kwenye ndoano, isiyofungwa itamwangukia.