Ardhioevu, Laga na Malka: Msamiati wa Maji katika Matembezi ya Garissa

Utangulizi

Istilahi ardhioevu imezoeleka katika vitabu vya jiografia na mazingira. Imeundwa kwa nomino ardhi na kivumishi -oevu, yaani -enye majimaji. Makala hii inadai kwamba katika Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya istilahi hiyo haijitoshelezi. Inataja hali ya ardhi, lakini haisemi maji huja lini wala nani huyafuata. Ili kulidhihirisha hilo, uchukuliwe mfano wa kundi la marafiki, wanafunzi wa Kiswahili, wanaotembea kwa miguu kutoka mjini Garissa hadi hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa mji, karibu na Mto Tana.

Laga: maji yajayo na kuondoka

Marafiki hao wakisafiri wakati wa jilaal, kiangazi kikali ambacho Wasomali hukihesabu kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi Machi, watakanyaga vumbi kati ya migunga. Mmoja wao aweza kuuliza, kwa haki, uoevu uko wapi. Jibu limo katika neno laga, linalotumiwa kaskazini mwa Kenya kwa mkondo wa mchanga unaokaa mkavu kwa miezi mingi na kujaa ghafla mvua inyeshapo. Mfano maarufu ni Lagh Dera, upokeao maji ya Ewaso Ng'iro yakishavuka kinamasi cha Lorian na kuelekea Somalia.

Mkataba wa Ramsar wa 1971, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990, unahesabu maji ya kudumu na ya muda pia. Kwa hiyo fasili ya kimataifa inaafikiana na laga kuliko inavyoafikiana na picha ya matope ya daima ambayo kivumishi -oevu huijenga akilini.

Malka: njia ya kuyafikia maji

Wakikaribia mto, marafiki watakutana na neno la pili. Malka, neno lenye asili ya Kioromo na linalotumiwa pia na wafugaji wa Kisomali, ni njia ya mifugo kuteremkia mtoni. Ardhi ya malka yaweza kuwa kavu kabisa, lakini bila hiyo mto hauna faida kwa ng'ombe aliye upande wa pili wa ua wa shamba. Twiga wa Bour-Algi nao huhitaji upenyo huohuo, kwani mashamba yaliyosongamana ukingoni huwazibia maji.

Hapa ndipo msamiati unapogusa uhai. Mkulima haitaji malka anapopanda maembe na ndizi. Mfugaji haoni shamba bali njia iliyozibwa. Katika Delta ya Tana, mapigano ya 2012 na mwanzo wa 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya 100, na ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Mwaka huohuo wa 2012, delta hiyo iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Orodha ililinda ardhioevu kwa jina. Njia za kuifikia zilibaki suala la wenyeji kusikilizana.

Hitimisho

Ardhioevu ni istilahi nzuri na haifai kutupwa. Inahitaji wenzake. Ardhioevu hutaja mahali, laga hutaja majira, malka hutaja haki ya kupita. Mwanaisimu anayesanifu istilahi za mazingira bila kuyasikiliza maneno ya wafugaji huandika ramani yenye mto usiofikika.

Zoezi

1. Kusanya maneno matatu ya maji kutoka lugha ya kwenu, kisha eleza kama kila moja hutaja mahali, majira au matumizi.
2. Je, malka liingizwe katika kamusi ya Kiswahili Sanifu? Toa hoja.