SOMO LA WANACHAMA: Kuchagua Aina za Mikorosho kwa Mashamba ya Mwambao

Mkorosho hupandwa mara moja na huvunwa kwa miaka thelathini au zaidi. Mwanachama aliyepanda mbegu mbaya ya ufuta hujirekebisha msimu unaofuata. Aliyepanda mkorosho usiofaa huilea hasara yake hata watoto wake wakairithi. Kwa hiyo chama kinapowaagizia wanachama miche, kinaamua jambo litakalodumu shambani kuliko muda wa uongozi wowote.

1. Adui wa mwambao

Katika Kikole na vijiji vingine vya Kilwa, mikorosho huchanua wakati wa kusi, baada ya mvua kubwa kwisha. Usiku huwa na ubaridi na asubuhi huwa na umande. Hali hiyo huupendeza sana ukungu uitwao ubwiriunga. Huyashika machipukizi na maua na kuyafunika kwa unga mweupe wenye kijivu. Ua lililoshikwa hunyauka lisitoe korosho. Majani yaliyokomaa hayadhuriki, na ndiyo maana mti huweza kuonekana wenye afya huku hauzai.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilipatikana chini ya tani 20,000. Ubwiriunga haukuwa sababu pekee: wakulima wengi walikuwa wamehamia vijiji vilivyokuwa mbali na mikorosho yao, na bei iliwavunja moyo. Hata hivyo, maradhi hayo yaliyadhoofisha hata mashamba yaliyotunzwa.

2. Mbegu ya mti mzuri haitoshi

Wengi wamezoea kuokota mbegu chini ya mti unaozaa sana. Lakini maua ya mkorosho huchavushwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mama wa mbegu anajulikana, baba hajulikani. Mche waweza kufanana na mama, au usifanane naye kabisa. Njia ya hakika ni kubebesha: kikonyo cha mti uliochaguliwa huunganishwa na mche ulioota kwa mbegu, na mti unaokua huzaa kama ule uliotoa kikonyo.

Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimechagua na kuzalisha aina nyingi kwa njia hiyo, zikiwamo AC4, AC10 na AC43. Mkorosho wa zamani nao si lazima ung'olewe: waweza kukatwa shina, na machipukizi yake yakabebeshwa aina bora.

3. Mambo manne ya kupima

(a) Ustahimilivu. Mti utazamwe mahali usipopuliziwa salfa. Mti uliokingwa kwa dawa hauonyeshi nguvu yake wenyewe.

(b) Mavuno. Msimu mmoja hautoshi; yatazamwe mavuno ya miaka mitatu au zaidi.

(c) Ukubwa wa korosho. Ipimwe kilo moja ya korosho kavu, kisha zihesabiwe. Mti wenye korosho 180 kwa kilo una korosho kubwa kuliko wenye 230. Chache zipasuliwe ili kuhakikisha kwamba kiini kimejaa.

(d) Maradhi mengine. Aina inayostahimili ubwiriunga si lazima istahimili blaiti au chule. Mtaalamu aulizwe juu ya kila ugonjwa.

4. Shamba lisiwe la aina moja

Hakuna aina isiyougua kabisa. Kustahimili si kinga kamili. Ekari moja, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, huchukua miche 28 hivi. Ni busara miche hiyo iwe ya aina tatu au nne, ili ugonjwa ukiishinda moja, nyingine zimlishe mkulima. Nafasi nayo iheshimiwe. Matawi yanayogusana huzuia jua na upepo, na kivuli chenye unyevu huwa makao ya ukungu hata kwa aina iliyo bora.

5. Kazi ya katibu

Kabla ya kuagiza, katibu aandike mahitaji ya kila mwanachama na kuuliza chanzo cha vikonyo vya kitalu. Miche ikifika, daftari lionyeshe jina la aina, kitalu, tarehe, mwanachama na mstari ilipopandwa. Mche uliopoteza jina haumfundishi mtu kitu: ukizaa vizuri, haijulikani kipi kiagizwe tena, ukishindwa, haijulikani kipi kiepukwe.

Maswali ya kujadiliwa kikundini

1. Ni miti ipi kijijini iliyozaa bila salfa katika misimu mitatu iliyopita, na ni nani anayeijua?
2. Chama kikiletewa miche ya aina moja tu kwa bei nafuu, wanachama waikubali?
3. Je, daftari la chama laweza leo kuonyesha aina ya mikorosho iliyopandwa mwaka uliopita?