Kisima cha Lokiriama: Namna ya Kuidai Kaunti Ijenge na Itunze

Kaunti ya Turkana inajua kujenga. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013 na kuchukua nafasi ya mabaraza ya zamani, zahanati, madarasa ya chekechea, visima virefu vya sola na drifti (vivuko vya zege) za kuvukia laga, yaani mito ya msimu, zimefika sehemu ambazo enzi za mabaraza hayo zilisahauliwa. Kinachoilemea kaunti ni utunzaji. Pampu inakufa kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, na drifti inabebwa na mafuriko kwa sababu mawe yaliyochukuliwa na mvua iliyotangulia hayakurudishwa.

Ninamwandikia mkazi wa wadi ya Lokiriama/Lorengippi, upande wa kaunti ndogo ya Loima ambako barabara ya kutoka Lodwar kupitia Lorugum inaelekea mpaka wa Uganda. Awe mjumbe wa kamati ya maji, mama anayechota kisimani au kijana aliyerudi nyumbani na diploma yake, ushauri wangu kwake ni huu: ombi la matengenezo liandikwe kwenye karatasi ileile ya ombi la ujenzi. Ukiyatenganisha, la ujenzi litajibiwa wakati wa kampeni na la matengenezo halitajibiwa kamwe.

Anza kwa kujua mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Maji, zahanati, chekechea, masoko, huduma za mifugo na barabara za kaunti ni za Lodwar, yaani makao makuu ya kaunti. Shule za msingi na za upili ni za Serikali Kuu, na madarasa yake mara nyingi hujengwa kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, kwa hiyo hapo mtu wa kumfuata ni mbunge wa Loima. Watu wengi humlaumu mwakilishi wadi kwa dari la shule ya msingi lililoanguka, na mwaka mzima unapita wakibisha mlango usio wake.

Barabara ndizo zinazochanganya zaidi. Lami inayotoka Kitale ikapita Lodwar na Kakuma hadi Lokichoggio na Nadapal ni A1, na mwenyewe ni KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Kwa mpangilio uliotangazwa 2016, barabara za daraja la C huangukia KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, na zile za D kwenda chini huangukia kaunti. Usikisie. Nenda ofisi ya barabara ya kaunti, uliza namba na daraja la kipande kinachokusumbua, kisha uiandike namba hiyo kichwani mwa barua yako. Barua isiyo na namba huzungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kila ofisi inasema barabara hiyo ni ya wenzao. Jua pia kwamba pesa za kutunza barabara hutoka kwenye ushuru wa mafuta, uliopandishwa Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, na kwamba kaunti na Serikali Kuu zimevutana sana juu ya nani azishike. Afisa akikwambia fungu halijafika, huenda ni kweli. Mwombe akuonyeshe limeandikwa wapi kwenye bajeti.

Kalenda ina nguvu kuliko kelele. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini anayepeleka ombi Julai amechelewa, kwa kuwa bajeti ilishapitishwa kufikia 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mradi usiotajwa humo huwa na kazi kubwa ya kuingia baadaye. Kufikia 28 Februari inawasilishwa karatasi ya mkakati wa fedha, inayoamua kila idara itapata kiasi gani, na kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yenyewe yanafika bungeni. Kwa hiyo ombi la kisima lifike Lodwar Juni au Julai likilenga mpango wa Septemba, yaani mwaka mzima kabla ya pesa kutoka. Februari mrudi kuuliza kama idara ya maji imetengewa fungu la kutosha. Mei, bunge linapoita maoni ya wananchi, mwende mkasome ukurasa wenye jina la wadi yenu na kuhakikisha mradi bado umo.

Mafuriko hayangoji kalenda. Yakibeba barabara Aprili, kaunti ina mfuko wa dharura na ina uwezo wa kuleta bajeti ya nyongeza. Barua ya aina hiyo iende siku hiyohiyo, na picha zikionyesha tarehe.

Barua yenyewe iwe fupi. Maafisa wanasoma nyingi, na ile yenye kurasa nne za shukrani huwekwa kando. Nimeona muundo huu ukifanya kazi: "Sisi wakazi wa kijiji fulani, wadi ya Lokiriama/Lorengippi, tunaomba kisima kirefu chenye pampu ya sola, tangi na birika la mifugo. Kisima cha karibu kiko umbali fulani. Kitatumiwa na kaya kadhaa, na wakati wa kiangazi na mifugo kadhaa kutoka sehemu fulani na fulani. Ardhi imekubaliwa na wazee, na muhtasari wa kikao umeambatishwa. Tunaomba pia fungu la vipuri na la fundi kwa miaka mitatu ya kwanza, na jina la afisa atakayehusika." Peleka nakala kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi na kwa idara husika. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo utauhitaji baadaye.

Hesabu ya mifugo isiwe ya kubahatisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana nzima, katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lakini sensa haikuonyeshi nani atakunywa maji ya kisima cha mpakani wakati wa akamu, kiangazi kinapokaza. Lokiriama ndipo Waturukana na Wamatheniko wa Karamoja, Uganda, walipofanya mkataba wa amani mwaka 1973 na kuzika silaha, na hadi leo jamii hizo hukutana hapo kuuadhimisha. Wafugaji wa Turkana huvuka kwenda kutafuta malisho na maji upande wa Moroto, kama vile bwawa la Kobebe, nao wa upande ule huja huku. Septemba 2019 Kenya na Uganda zilitia saini mjini Moroto makubaliano ya kuendeleza ukanda huu kwa pamoja. Mhandisi aliyepanga pampu kwa kaya za kijiji peke yake atakuwa amepanga pampu itakayoungua kiangazi cha kwanza, na mahali kama hapa ugomvi wa foleni ya maji unaweza kuvunja amani iliyojengwa kwa nusu karne. Mwambieni ukweli wa mifugo, wageni wakiwemo.

Mkandarasi akifika, ombeni BQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei. Ni mradi wa umma na mna haki ya kuiona. Teueni watu wawili, mmoja wao awe amewahi kufanya kazi ya mjengo, wawe wanapita kila jioni. Katika joto la Turkana kosa la kawaida ni saruji kunyimwa maji. Zege likishamwagwa linataka kunyweshewa siku saba hivi, kufunikwa magunia na kurowanishwa asubuhi na jioni. Maji yakiwa ya kuletwa na bauza, mkandarasi anayebana matumizi huanzia hapo. Utaligundua zege lililokauka kwa haraka: likwaruze kwa msumari, litatoa unga. Angalieni mchanga wa laga pia. Ukiufikicha mkononi na ukaacha udongo kiganjani, haufai kabla ya kuoshwa.

Msipigane na mkandarasi. Andikeni tarehe, pigeni picha, mpelekeeni mhandisi wa kaunti kabla kamati ya ukaguzi na upokeaji haijatia saini. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaitaka kamati hiyo ikague kazi kabla ya kupokelewa. Baada ya hapo kuna kipindi cha dhamana ya kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12, ambamo sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka mkandarasi arekebishe yaliyoharibika. Muulizeni mhandisi kipindi hicho kinaisha lini, kisha mwandike tarehe hiyo kwa rangi ukutani mwa kibanda cha pampu. Nyufa zikionekana mwezi wa tano, anayerekebisha ni mkandarasi kwa pesa zake. Zikiripotiwa mwezi wa kumi na tatu, ni mzigo wenu.

Sasa utunzaji. Kisima kiwe na daftari moja la kurasa nene, si karatasi zilizolegea. Kila siku mlinzi wa kisima aandike pampu imeanza saa ngapi, imezima saa ngapi, tangi limejaa au la, pesa zilizoingia na kitu chochote kisicho cha kawaida. Daftari la namna hiyo ni daktari wa pampu. Mkiona tangi lililokuwa likijaa saa sita mchana sasa linajaa saa tisa, kuna tatizo linakuja: vumbi kwenye sola, bomba linalovuja chini ya ardhi, au maji kushuka kisimani. Anzeni na vumbi kwa sababu ni rahisi. Sola zipanguswe kwa kitambaa laini na maji alfajiri, kabla kioo hakijapata moto. Birika la mifugo liwe mbali na mdomo wa kisima, la sivyo samadi na mkojo vitarudi chini mnakonywa. Ua wa miiba uzunguke sola na uwe na mlango, maana mbuzi hupanda popote.

Malipo yawepo hata kama ni kidogo, kwa mtungi na kwa kichwa cha mfugo, na wageni walipe sawa na wenyeji. Pesa zikae benki au M-Pesa chini ya majina matatu, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Wazee hukutana chini ya ekitoe a ngikiliok, mti wa wanaume, na hapo ndipo mambo mengi huamuliwa. Hesabu ya maji isisomwe hapo peke yake. Wanawake ndio wanaojua bomba lilikauka siku gani, na Katiba inataka vyombo vya umma visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa jinsia moja. Mweka hazina akiwa mwanamke anayechota kila siku, naamini kisima kitadumu.

Kwa drifti, kazi yenu ni ya saa moja baada ya kila mafuriko. Nendeni upande wa chini, yaani maji yanakotokea baada ya kuvuka zege. Huko ndiko maji huanguka na kuchimba. Mkikuta chini ya ukingo pango ambalo mkono unaweza kuingia hadi kiwiko, jazeni mawe makubwa wiki hiyohiyo na mpige ripoti. Gabioni (vikapu vya waya vyenye mawe) zilizokatika waya zifungwe. Pango hilo likiachwa misimu miwili, slabu nzima inavunjika kwa uzito wa lori la kwanza, na hapo mnaongelea mamilioni na mgonjwa asiyefika hospitalini Lorugum.

Msaada wa shirika ushukuruni, lakini ulizeni swali moja kabla ya kukata utepe: mali hii itakuwa ya nani? Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa 1992 na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa 2016, miundombinu mingi ilijengwa na mashirika, na sasa kaunti ina kazi ngumu ya kuiingiza katika mipango yake na kuigharamia. Mradi ukikabidhiwa, hati ya makabidhiano iseme ni mali ya kaunti na ni idara gani inautunza. Bila hati hiyo, kila ofisi itasema kisima si chake.

Na ofisi ikikaa kimya? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba nyaraka kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa na afisa wa habari. Wana siku 21 za kujibu. Wakikataa, una siku 30 kupeleka rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa pia haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti na kwa kaunti yenyewe. Tumia njia hizi kabla ya maandamano barabarani. Ile nakala yenye muhuri ndiyo ushahidi wako, na mkaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali akija kukagua miradi, mwonyesheni pamoja na daftari la kisima.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Lokiriama, wiki hii nenda kwa msimamizi wa wadi ukamuulize maswali mawili: ni miradi gani ya wadi yetu imo kwenye mpango wa mwaka ujao, na kila mmoja umetengewa shilingi ngapi za kuutunza? Yaandike majibu, na kwenye mkutano wa maoni ya bajeti uyasome mbele ya watu.