Kamera Baadaye: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Mpiga Picha wa Michezo ya Ubao

Kila msimu wa upepo, vijana wa Paje, Diani na Watamu huwaona wageni wakishuka na mbao zao, na nyuma yao wapiga picha wenye lenzi ndefu. Wengi hutamani kazi hiyo: leo uko Unguja, kesho Moroko, keshokutwa Tahiti. Wanaoitamani wajue kwanza inasimama juu ya nini. Mwanamichezo anaurusha mwili wake hewani akiamini hutakuwa njiani mwake. Mwenyeji anakuachia ufuo wake akiamini hutamvunjia heshima. Mtazamaji anaamini kwamba kilichomo pichani kilitokea kweli. Kazi yote ni amana hizo tatu, na masharti yafuatayo yamewekwa ili kuzilinda. Yasome kama masharti, si kama ushauri.

KABLA YA SAFARI

Fanya

1. Jua pepo na maji kabla ya kukata tiketi. Katika mwambao wetu kusi huwa na nguvu kati ya Juni na Septemba, na kaskazi kati ya Desemba na Februari. Katikati ya misimu hiyo unaweza kukaa siku nyingi ukitazama bahari iliyolala na mwanamichezo asiye na kazi.

Upepo peke yake hautoshi. Siku za bamvua, Unguja, maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Siku za maji mafu mpangilio hugeuka na tofauti ya kina hupungua. Paje inatazama mashariki. Kwa hiyo alasiri ya bamvua jua liko mgongoni mwako, maji yamejaa hadi ufukweni, na rangi zote zinaonekana. Asubuhi jua linachomoza mbele ya lenzi, na mchezaji anageuka kivuli cheusi juu ya maji yanayometa. Zote mbili ni picha nzuri, lakini ni lazima ujue umefuata ipi.

2. Beba betri za akiba za lithiamu kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa. Kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege haziruhusiwi, kwa kuwa zikishika moto huko hakuna wa kuuzima. Zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji idhini ya shirika la ndege. Iombe mapema, usisubiri kubishana kwenye kaunta.

3. Andika orodha ya vifaa vyote pamoja na namba zake, igongwe muhuri forodhani unapotoka nchini. Asiye na orodha anaweza kurudi nyumbani na kudaiwa ushuru wa kamera yake mwenyewe.

Usifanye

4. Usisafiri na droni bila kibali mkononi. Kenya na Tanzania zote zinadai kibali, na Moroko, penye ufuo wa Taghazout unaopendwa na wacheza ubao, hukishikilia chombo hicho uwanjani. Usiseme hukujua. Kujua sheria za unakokwenda ni sehemu ya kazi unayolipwa.

5. Usifunge vifaa kwa mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar ilitangulia zamani. Nunua mfuko imara usiopitisha maji utakaodumu miaka.

UFUKWENI

Fanya

6. Anza kwa salamu. Zanzibar nenda kwa sheha. Kenya nenda kwa viongozi wa wavuvi wanaosimamia ufuo. Eleza wewe ni nani, unapiga nini, na picha zinakwenda wapi. Mzee uliyempa shikamoo kabla ya kutoa kamera atakuonyesha mlango wa mwamba, mkondo unaovuta na mahali penye mawe. Maarifa hayo hayauzwi dukani.

7. Simama joshini, kule upepo unakotoka. Tiara inayomvuta mchezaji inaporushwa au kushushwa, hatari yote iko demani, kule upepo unakoelekea. Nyuzi za tiara zina urefu wa mita 20 hadi 25, ni nyembamba, na zikivutwa kwa nguvu hukata nyama. Pembe nzuri iliyoko demani iache, hata kama ndiyo uliyoifuata kwa ndege mbili.

8. Toa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi mapema, uiache ndani ya mkoba wake ipate joto polepole. Ukiifungua ghafla kwenye hewa ya pwani, ukungu utafunika lenzi, na mchezaji hatakusubiri.

Usifanye

9. Usikanyage mashamba ya mwani. Hili nalisema kwa ukali kuliko mengine ya ufukweni. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwenye pwani hiihii ya Paje na Jambiani, na wanaokiendesha kwa sehemu kubwa ni wanawake. Vigingi na kamba unavyoviona maji yakipwa ni mishahara yao na ada za shule za watoto wao. Ubao ukikata kamba, mazao ya wiki kadhaa yanachukuliwa na maji. Usimwelekeze mchezaji apite juu ya mashamba kwa sababu mistari yake inapendeza ukiwa juu. Akipita mwenyewe, mzuie. Hasara ikitokea, tafuta mwenye shamba siku hiyohiyo na mlipe.

10. Usimpige picha mama anayevuna mwani kama pambo la nyuma ya mwanamichezo. Yuko kazini kama wewe. Mwamkie, muulize, na akikataa geuza lenzi bila kunung'unika wala kumwonyesha noti.

11. Usiwapige watoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Mtoto anayekimbilia kamera akicheka hajakupa ruhusa ya kumweka kwenye tangazo la kampuni ya Ulaya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Tanzania ilitunga sheria yake ya taarifa binafsi mwaka 2022. Hata pasipo sheria, uungwana ungetosha.

12. Usimpeleke kijijini mwanamichezo aliyevaa nguo za kuogelea ili umpige mbele ya mlango wa zamani au ukuta wa msikiti. Mipaka ya ufuo na kijiji ipo ingawa haijachorwa. Wewe mwenye lugha ya mahali ndiye wa kumwambia mgeni. Ukinyamaza, lawama ni yako.

MAJINI

Fanya

13. Jifunze kuogelea kwenye mawimbi bila kamera kwanza. Uwe na uwezo wa kukaa majini muda mrefu kwa mapezi ya miguuni, kupiga mbizi chini ya wimbi linalovunjika, na kutoka kwenye mkondo kwa kuukata upande badala ya kupambana nao. Vaa helmeti. Ubao uliomponyoka mwenyewe hauchagui kichwa.

14. Kagua oringi ya kasha la kamera kila unapolifunga. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga yatosha kuingiza maji. Isafishe, ipake girisi ya silikoni kidogo, kisha lizamishe kasha tupu kwenye ndoo kabla ya kuweka kamera ndani. Ukitoka baharini, liloweke kwenye maji baridi likiwa limefungwa, ulikaushe, ndipo ulifungue. Ndoo moja yatosha: vijiji vingi vya pwani havina maji ya kuchezea.

15. Kubaliana ishara na mchezaji mkiwa nchi kavu: atapita upande gani wako, umbali gani, na nani anaondoka kama mambo yameharibika. Mtu anayekuja kwa kasi hawezi kujadiliana.

16. Mtu akiwa taabani, acha kamera umwendee. Iachie ielee au izame. Sharti hili halina "lakini".

Usifanye

17. Usikae kwenye njia ya mchezaji. Akikukwepa, umemharibia wimbi. Asipokukwepa, mmoja wenu anakwenda hospitali. Mpiga picha majini hana haki ya kupita kwanza, hata kama ameajiriwa na wadhamini.

18. Usisimame juu ya matumbawe. Yanakua polepole mno, na ndiyo yanayowapa samaki makao na kulikinga wimbi lisiufikie ufuo. Watu wa Teahupo'o kule Tahiti walionyesha jinsi jambo hili lilivyo zito. Mwaka 2023, kabla ya Olimpiki ya Paris kupeleka huko mashindano ya mawimbi, waliandamana kupinga mnara mpya wa waamuzi. Desemba mwaka huohuo, tishari lililokuwa likifanyiwa majaribio kwa ajili ya ujenzi liliharibu matumbawe waliyokuwa wakiyatetea. Kama mashindano makubwa kuliko yote yaliulizwa maswali juu ya mwamba ule, wewe na miguu yako miwili utaulizwa pia.

KWENYE UWANJA WA SKEITIBODI

Fanya

19. Onyesha mruko mzima: mahali mchezaji alipoondokea na mahali atakapotua. Picha inayomwonyesha hewani tu, bila ngazi wala reli chini yake, haimwambii mtazamaji alifanya nini.

20. Uliza kabla ya kuweka flashi, na usiielekeze machoni pa anayetua. Sekunde moja ya upofu juu ya saruji yatosha kuvunja mkono.

21. Heshimu waliojenga uwanja. Kitintale, Kampala, vijana walijichanganyia saruji na kujijengea uwanja wao wenyewe katikati ya miaka ya 2000, wakati Uganda haikuwa na uwanja wowote wa skeitibodi. Ukifika mahali kama hapo, anza na historia hiyo. Usiende kutafuta umaskini wa kuwauzia watu wa mbali, na mchezaji hodari usimwandike kama mtu wa kuhurumiwa.

Usifanye

22. Usichapishe picha ya mruko ambao haukutua. Hii ni kanuni ya zamani ya wapiga picha wa skeitibodi, nayo ni kanuni ya haki. Akianguka mara ishirini, subiri ya ishirini na moja. Asipoweza leo, rudi kesho. Ukichapisha jaribio kana kwamba ni ushindi, umemfanya yeye mwongo pamoja nawe.

PICHA YENYEWE

Fanya

23. Mjue mchezaji na mahali hadi uweze kutabiri. Tarehe 29 Julai 2024, Jérôme Brouillet wa shirika la AFP alikuwa ndani ya boti huko Teahupo'o wakati Gabriel Medina wa Brazili alipotoka kwenye wimbi lililompa alama 9.90. Brouillet alibonyeza mara chache tu, na fremu moja ikamnasa Medina akiwa wima angani, kidole juu, ubao sambamba naye. Dunia nzima iliiona. Watu walisema ni bahati, lakini Brouillet alijua kwamba mchezaji wa kiwango kile akitoka kwenye wimbi kama lile hurusha mwili juu kushangilia, na alikuwa ameshaelekeza lenzi pale. Bahati ilimkuta kazini.

24. Tumia kasi ya shata ya 1/1000 au zaidi unapotaka matone yasimame, na uishushe kwa makusudi tu unapotaka mwendo uonekane. Usiiachie kamera uamuzi huo.

Usifanye

25. Usiongeze ukubwa wa wimbi, usimhamishe mtu, usiunganishe anga ya jana na mruko wa leo, usiombe kompyuta ikutengenezee kisichotokea. Kurekebisha mwanga na rangi kunaruhusiwa. Picha ya Medina ingekuwa imetengenezwa, isingestahili hata dakika moja ya kutazamwa. Thamani yake yote ni kwamba ilitokea.

BAADA YA PICHA

Fanya

26. Andikiana na mteja kabla ya kazi: malipo kiasi gani, yatatolewa lini, picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Maandishi ya simu ni bora kuliko neno tupu. Kijana anayekubali kulipwa fulana na sifa anawashushia bei wenzake wote wa ufuo.

27. Hifadhi nakala mbili mahali pawili usiku uleule, kabla ya kulala. Usifute memori kadi hadi nakala zote mbili zimefunguka.

28. Taja majina ya wenyeji kama unavyotaja ya wageni, wakiridhia. Maelezo yanayomtaja mwanamichezo wa Ujerumani kwa jina kamili, kisha kumwita nahodha aliyempeleka "mvuvi wa kienyeji", yana dharau ndani yake.

Usifanye

29. Usitangaze mahali ambapo wenyewe hawajataka patangazwe. Mwaka 2008 jarida la Surfing la Marekani lilionyesha wimbi refu la mchanga katika pwani ya jangwa ya Namibia, lililogunduliwa kwa picha za setilaiti. Leo wimbi hilo, Skeleton Bay, linajulikana dunia nzima, na likiamka hujaa watu waliopanda ndege kulifuata. Huko ni jangwani. Kwetu, palipo na wimbi zuri mara nyingi pana diko la wavuvi, au mazalia ya samaki, au makaburi ya wazee. Watu mia wakishuka hapo, wavuvi ndio watakaohama. Waulize kwanza. Wakikataa, futa alama ya mahali ndani ya faili la picha na uandike jina la nchi tu.

30. Usiondoke bila kurudisha picha kwa waliomo. Chapisha chache kwenye karatasi, maana simu hupotea. Mpe nahodha yake, mpe mama wa mwani aliyekuruhusu yake, mpelekee sheha aone ulichofanya na ruhusa yake. Fanya hivyo kabla ya kumtumia mteja bili, na ukishindwa kumtazama yeyote kati yao usoni unapomkabidhi, picha hiyo usiiuze.