Joto la Giaboksi ya Otomatiki Katika Pikapu

Baadhi ya pikapu zinazochukua viazi, maziwa na mbolea katika skimu za makazi zina giaboksi ya otomatiki, yaani ile isiyo na klachi ya kukanyaga. Ni rahisi kuendesha, lakini ina adui mmoja mkubwa, nalo ni joto. Giaboksi ikiungua wakati wa mavuno, viazi hukaa shambani, na fedha za viazi huishia kwa fundi. Basi yafaa kila mwenye pikapu ajue mambo haya.

JOTO HUTOKA WAPI

Kati ya injini na gia kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, kiitwacho konveta. Injini huizungusha oili, na oili huzisukuma gia. Gari likipanda mlima polepole na mzigo mzito, injini huzunguka haraka kuliko gia. Oili hukorogwa, na nguvu inayopotea hugeuka kuwa joto. Gari likishika mwendo mzuri penye tambarare, konveta hujifunga, injini na gia huzunguka pamoja, na oili hupoa. Kwa hiyo mlima na matope huichosha giaboksi kuliko safari ndefu ya lami.

KIASI CHA JOTO

Digrii 80 hadi 95 za Selsiasi: ni kawaida.

Digrii 95 hadi 110: mzigo ni mzito au mlima ni mkali. Si neno, kama ni kwa muda mfupi.

Kupita digrii 120: oili yaanza kuharibika. Simama.

Kufika digrii 150: klachi za ndani huteleza na kuungua.

Magari hayafanani, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Mafundi huhesabu kwamba joto likizidi kawaida kwa digrii 10 hivi, maisha ya oili hupungua kwa nusu.

Kumbuka kwamba sindano ya joto iliyo mbele ya dereva ni ya maji ya injini, si ya giaboksi. Magari mengine yana taa ya onyo ya giaboksi. Kama lako halina, fundi mwenye chombo cha kupima anaweza kukusomea joto hilo.

MAMBO YA KUFANYA

1. Usizidishe mzigo. Tuseme mkulima apanda kutoka Naivasha, iliyo mita 1,900 hivi juu ya bahari, kwenda Kinangop, inayopita mita 2,400. Magunia 20 ya mbolea ya kilo 50 ni tani 1 kamili, kabla ya kuhesabu watu. Soma kwanza uzito ulioruhusiwa.

2. Penye mlima mkali, sogeza mkono wa gia hadi gia ya chini. Penye matope, tumia gia ndogo ya magurudumu manne, kama ipo.

3. Safisha rejeta. Mbegu za nyasi na matope huzuia upepo, na katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa hapo hapo.

4. Mwambie fundi aitazame oili. Oili mpya mara nyingi ni nyekundu. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, imekwisha kazi.

TAA YA ONYO IKIWAKA

Simama mahali salama, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P. Usizime injini, ila ukiona oili inavuja au maji yanachemka. Injini ndiyo izungushayo pampu ya oili. Ukiizima, oili haipiti kwenye kipoza. Ngoja mpaka taa izimike, kisha endelea polepole. Isipozimika, ita fundi. Usikubali gari livutwe kwa kamba magurudumu yakizunguka, kwa maana pampu haifanyi kazi na gia hukosa oili.

Kungoja dakika chache kando ya barabara ni hasara ndogo kuliko kununua giaboksi nyingine.